Samaki wa Bemba na Moba wanaoishi katika vioo vya Ulaya

Katika maduka ya samaki wa mapambo huko Ujerumani, Ubelgiji na Marekani kuna samaki wadogo wanaouzwa kwa majina ambayo mtu wa Uvira, Kalemie au Moba anayajua tangu utoto: Bemba, Kavala, Moba, Kapampa. Ni majina ya mahali kwenye upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika. Samaki hao hawaliwi kama ndakala au mukeke. Hufugwa nyumbani, ndani ya sanduku la kioo lenye maji, ili watu wawatazame.

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi, na kina chake kinapita mita 1 400. Lina aina zaidi ya 200 za samaki wa jamii ya kuhe, na karibu wote hawapatikani mahali pengine popote duniani. Wazungu walianza kuwaandika mwishoni mwa karne ya 19. Mwingereza J. E. S. Moore alifika ziwani katika miaka ya 1890, akapeleka London samaki waliokufa, waliohifadhiwa ndani ya chupa. Huko mtaalamu Boulenger aliwapa majina ya Kilatini. Mwaka 1898 mmoja wao aliitwa Tropheus moorii, kwa heshima ya Moore.

Mwaka 1946 na 1947 Wabelgiji walifanya uchunguzi mkubwa wa ziwa lote, na Max Poll akaandika habari za samaki wake. Wakati huohuo, mwaka 1947, iliundwa taasisi ya utafiti ya IRSAC, iliyofungua kituo mjini Uvira. Georges Marlier alifanya kazi katika kituo hicho, na samaki mmoja mwenye mistari bado anaitwa Julidochromis marlieri. Leo kituo hicho kinajulikana kama CRH-Uvira.

Hapo ndipo biashara ilipoingia. Katika miaka ya 1970 Mbelgiji Pierre Brichard alikuwa Bujumbura, mbele kidogo tu ya Uvira, akituma samaki hai ng'ambo kwa ndege. Mwaka 1978 alitoa kitabu kikubwa juu ya samaki wa Tanganyika. Yeye pia ana samaki wa jina lake, brichardi, ambaye wafugaji wengi humwita binti mfalme wa Burundi.

Kazi yenyewe ilihitaji mikono ya watu wengi. Samaki wa mawe hanaswi kwa wavu wa ndakala. Mzamiaji anashuka chini, anazungusha wavu kwenye jiwe, anawafukuza samaki kwa mkono mmoja mmoja. Wale wa kina kirefu hawapandishwi mara moja, kwa sababu hewa iliyo ndani ya mwili wao hutanuka na kuwaua. Hupandishwa hatua kwa hatua. Kisha hukaa siku kadhaa bila chakula ili wasichafue maji ya safari, ndipo hufungwa katika mifuko ya plastiki yenye maji na oksijeni. Majina ya wavuvi na wazamiaji wa pwani hayakuingia katika majina ya Kilatini ya samaki hao. Walioingia ni Moore, Marlier na Brichard.

Lakini majina ya vijiji yaliingia katika biashara, na sababu yake iko ndani ya ziwa. Tropheus hapendi kuvuka mchanga wala maji ya kina. Anazaliwa kwenye mawe fulani, anakula utelezi wa kijani unaoota juu yake, anafia hapohapo. Kwa hiyo samaki wa kijiji kimoja ana rangi yake, na wa ng'ambo ya ghuba ana rangi nyingine. Yule wa Bemba, kusini mwa Uvira, ni mweusi mwenye mkanda wa rangi ya machungwa. Mnunuzi wa Ulaya alitaka kujua anapata yupi, na jibu pekee lilikuwa jina la mahali alipovuliwa.

Huko walikofika, wengi walikufa kwanza. Wafugaji waliwaweka katika maji laini ya bomba, yasiyo na madini. Maji ya Tanganyika ni tofauti: yana chumvi za madini, na sehemu kubwa yake huletwa na mto Ruzizi kutoka Ziwa Kivu. Kipimo chake cha pH kinakaribia 9, na joto lake la juu ni kama nyuzi 25 au 27 mwaka mzima. Wafugaji wakajifunza kuongeza madini, kuweka mawe mengi, kupasha maji moto na kuyabadilisha mara kwa mara. Kubadilisha ni lazima, kwa maana uchafu wa samaki hutoa amonia, na katika maji ya pH ya juu amonia huua haraka zaidi.

Chakula nacho kilileta msiba. Tropheus ana utumbo mrefu wa mla majani. Waliomlisha nyama waliona tumbo likivimba na samaki akifa. Hata molly, samaki wa Meksiko anayefugwa na wengi wanaoanza, hudhoofika katika maji yasiyo na madini. Kanuni ni moja: kabla ya kumleta samaki, jua maji ya kwao yalivyo, kisha uyatengeneze.

Wafugaji makini wana kanuni nyingine. Hawachanganyi samaki wa Bemba na wa Moba katika kioo kimoja, kwa kuwa watazaana na rangi ya kila mahali itapotea. Kwa njia hiyo mtu ambaye hajawahi kuona Kongo anatunza jina la kijiji cha Kongo kwa miaka mingi.

Hapa pwani mambo hayako hivyo. Miti ya milimani imekatwa, na mvua inashusha udongo ziwani. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika Uvira, ukaua watu, ukabomoa nyumba na kumwaga tope ziwani. Tope likifunika mawe, utelezi wa kijani hauoti, na samaki wa mawe hana pa kuhamia. Uvuvi wa biashara nao unaumiza pale unapozidi. Jike la Tropheus hubeba mayai machache tu, kumi hivi, na kuyalea mdomoni karibu mwezi mzima. Ukimaliza mawe ya ghuba moja, hakuna wengine watakaotoka ghuba ya jirani kuja kujaza nafasi.

Mwaka 2003 Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia zilitia sahihi mkataba wa kulinda ziwa. Mkataba ni karatasi nzuri, lakini tope linazuiwa mlimani, kwa miti na matuta ya shamba.

Familia nyingi za Uvira na Fizi zilivuka ziwa hilihili mwaka 1996, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa mwaka huo upande wa Tanzania. Wengine wamehama mara tatu na zaidi tangu hapo. Watoto waliozaliwa kambini hawajaona mawe ya kwao, ila wazazi wanajua ghuba ipi ina mawe, ipi ina mchanga, na samaki gani alikaa wapi. Ujuzi huo ndio wazungu waliufuata kwa meli na vitabu. Usipoelezwa watoto, na mawe yakizikwa na tope, samaki wa Bemba atabaki Ulaya tu, ndani ya kioo, na atakayetaka kumwona atalipa.