Kiraka Kinachofichwa na Kiraka Kinachotangazwa

Suruali iliyochanika gotini haikubali kushonwa hivihivi. Mguu wake ni mwembamba, wala mkono wa cherehani hauwezi kupita humo. Kwa hiyo fundi huanza kwa kufumua: anakata nyuzi za mshono wa ndani, anaufungua mguu mpaka kitambaa kilale bapa mezani. Ndipo tundu linapoonekana ukubwa wake halisi.

Hapa ni Kamukuywa, kando ya barabara kuu inayotoka Webuye kwenda Kitale, barazani mwa duka. Mama ameleta suruali ya shule ya mwanawe.

"Fundi, hii itashika?"

"Itashika, mayi. Nikate kiraka kwenye pindo?"

"Pindo nimeliweka la mwakani. Mtoto anakua."

Basi fundi anang'oa mfuko wa nyuma. Mfuko umepauka sawasawa na goti, kwa kuwa vyote vimepigwa na jua lilelile na kufuliwa kwa sabuni ileile. Kiraka cha kitambaa kipya kingepiga kelele kutoka mbali. Anapunguza nyuzi zilizonyauka kando ya tundu, anakitandaza kiraka kwa ndani, anahakikisha nyuzi zake zinaelekea upande mmoja na za suruali, kisha anakanyaga. Anaisukuma nguo mbele, anairudisha nyuma, mstari kando ya mstari, kama shamba la mahindi linalolimwa kwa plau. Ustadi wote huu una shabaha moja: mtoto apite mbele ya wenzake na asiwepo atakayejua.

Sasa twende Sudan, ambako kiraka kilitangazwa. Muhammad Ahmad alipojitangaza kuwa Mahdi mwaka 1881, wafuasi wake, Ansari, walivaa jibba, vazi lenye viraka. Walikuwa wamelifuata vazi la masufi wa kale, ambao kwao nguo yenye viraka ilikuwa alama ya mtu aliyeipa dunia kisogo. Mahdi alifariki mwaka 1885, na chini ya mrithi wake, Khalifa Abdullahi, kiraka kikageuka. Vilishonwa viraka vya rangi juu ya kitambaa kisicho na tundu hata moja, kulia na kushoto vikilingana, vya makamanda vikiwa nadhifu kuliko vya askari. Baada ya kuwashinda Ansari katika vita vya Karari, Septemba 1898, Waingereza wakazibeba jibba hizo kama nyara, na baadhi ziko katika makumbusho ya Uingereza mpaka leo. Siudharau ufukara wa hiari, una utukufu wake. Ila anayetia kiraka mahali pasipo tundu ana nafasi ya kuchagua, na yule mama wa Kamukuywa hakuwa nayo.

Aliye karibu naye zaidi ni mkulima wa kaskazini mwa Japani. Huko Aomori baridi haikuruhusu pamba kuota, na watu walivaa nguo za katani. Matambara ya pamba yaliyochakaa yalipelekwa kwa merikebu kutoka miji ya kusini, nao wakayanunua, wakayashonea kwa mkono tabaka juu ya tabaka, kizazi baada ya kizazi. Ukiifikiria biashara hiyo, ni mitumba kabisa: nguo iliyochokwa na mwenye uwezo inasafiri hadi kwa asiye nao, na huko inaanza maisha ya pili. Nguo hizo huitwa boro, yaani matambara. Waliozivaa walizionea aibu. Mtafiti Tanaka Chuzaburo alizunguka vijijini akizikusanya, na kuanzia mwaka 2009 hadi 2019 zikaonyeshwa katika jumba la makumbusho la Asakusa, Tokyo. Leo wanamitindo wanaziita sanaa, na kuna viwanda vinavyochana jinzi mpya ili zifanane na zilizochakaa. Jinzi hizo nazo huishia kwenye marobota ya mitumba, na mzazi akimnunulia mwanawe, wa kuombwa azibe goti ni fundi huyuhuyu.

Linaloniuma ni kwamba kiraka chetu hakina makumbusho. Kinavaliwa mpaka kiishe, kisha suruali inakuwa dekio. Hata lugha yetu imegawanyika juu yake. Katiba tusiyoipenda twasema ni ya viraka, na barabara mbovu vivyo hivyo. Lakini mtangazaji wa mpira akimwita mchezaji kiraka, amemsifu: huyo ni mtu wa kuzibia pengo lolote uwanjani. Mimi nakiona kiini cha sifa hiyo hapa barazani. Kazi ya fundi wa viraka inahitaji jicho kali kuliko kushona nguo mpya, maana kitambaa kipya kinatii mkasi, ilhali cha zamani kina historia yake ya kunyooka na kulegea, na fundi hana budi kuifuata. Anayepima ubora wa kazi kwa kuonekana kwake angempita fundi huyu bila kumtupia jicho.

Mshono wa mguu umefungwa tena, na pasi ya makaa imepita. Kabla ya kumkabidhi mama, fundi anaipindua suruali nje ndani, kwa kuwa huko ndiko pekee kazi yake inakoonekana. Mama anapitisha kidole juu ya ile mistari, polepole, mara mbili. Kisha anaigeuza, anaikunja goti likiwa ndani, anaitia kwenye kikapu.