Incognito Haikufichi Kama Unavyodhani: Historia ya Ile Kofia na Miwani

Kuna watu wakishika simu, kabla ya kutafuta chochote, wanafungua kwanza ule ukurasa mweusi wenye kofia na miwani. Mmoja anatafuta dalili za ugonjwa ambao hajamwambia hata mama yake. Mwingine anasaka kazi mpya huku anatumia WiFi ya bosi wake. Wote wanaamini kitu kimoja: hapa hakuna anayeona. Sasa hiyo imani ilitoka wapi?

Stori inaanza Aprili 2005. Apple walitoa brauza ya Safari 2 ikiwa na kitu kipya kinachoitwa Private Browsing. Wazo lenyewe lilikuwa dogo tu. Kipindi kile kompyuta moja ilitumiwa na familia nzima, au na wateja kibao pale intaneti kafe. Jamaa akitafuta zawadi ya mke wake, mke akikaa baadaye anaona kila kitu. Kwa hiyo brauza ikapewa kazi ya kusahau: isitunze historia ya kurasa wala maneno yaliyotafutwa. Aliyekuwa anakwepwa ni mtu wa humo humo nyumbani, basi.

Septemba 2008 Google wakaja na Chrome, na ndani yake Incognito, neno lenye maana ya kutojulikana. Machi 2009 Microsoft wakajibu na InPrivate kwenye Internet Explorer 8. Juni mwaka huo huo Firefox 3.5 nayo ikaingia. Mtaani watu wakaipachika jina la utani la video za wakubwa, wakacheka, maisha yakaendelea.

Shida ni kwamba jina liliahidi makubwa kuliko kazi yenyewe. Brauza inasahau, ila mtandao hausahau. Kampuni inayokuuzia bando bado inaona tovuti unazotembelea. Msimamizi wa WiFi ya ofisi au hosteli naye anaweza kuona. Ukiingia kwenye akaunti yako ya mtandao wa kijamii, umeshajitaja mwenyewe. Na faili ulilopakua linabaki kwenye simu hata ukifunga dirisha. Mwaka 2010 watafiti wa Stanford na Carnegie Mellon walizichunguza brauza kubwa, wakakuta hata kwenye kompyuta yenyewe kuna alama zinazobaki, na programu za nyongeza zinaweza kuharibu usiri wote.

Brauza nazo hazifanani. Novemba 2015 Firefox waliongeza kinga dhidi ya wafuatiliaji ndani ya dirisha lao la siri, yaani haliishii kusahau tu, linazuia pia baadhi ya wanaokufuata toka tovuti moja hadi nyingine.

Bomu likalipuka Juni 2020. Watumiaji huko California waliishtaki Google wakidai fidia isiyopungua dola bilioni 5, kwamba hata wakiwa Incognito bado data zao zilikusanywa kupitia zana za matangazo na takwimu zilizowekwa kwenye tovuti. Google walikana kosa. Aprili 2024 yakatangazwa makubaliano: mabilioni ya rekodi yafutwe, maelezo ya Incognito yaandikwe wazi zaidi, na kuki za watu wa tatu zizuiwe humo kwa miaka 5. Pesa? Walalamikaji kwa ujumla wao hawakupewa fidia, ila kila mmoja alibaki na haki ya kudai kivyake.

Kwa hiyo yule anayeazima simu ya rafiki kusoma barua pepe, Incognito inamfaa kabisa: akifunga dirisha, akaunti yake haibaki wazi. Lakini yule anayesaka kazi kwenye WiFi ya bosi, bora atumie bando lake. Kile kionyo kipo pale pale kwenye ukurasa mweusi kila dirisha linapofunguliwa. Tatizo ni moja tu: nani huwa anakisoma?