Ziwa Kivu: namna ya kukinga batri chini ya maji

Goma – Ziwa Kivu linafika kina cha mita 485, na maji yake ya chini yameshika gesi kaboni na metani kwa wingi. Lava ya Nyiragongo ilipoingia ziwani Januari 2002, watafiti walishusha vyombo vya kupimia ili kujua kama gesi hiyo imetikiswa. Waliikuta imetulia. Chombo kama hicho batri yake ikifia chini, hakuna habari inayopanda juu. Vijana wanaotengeneza vinyambizi vidogo vya kuchezea wanakutana na shida ileile.

Kila mita 10 za maji zinaongeza uzito wa karibu kilo 1 kwa kila sentimita ya mraba. Tuseme mfuniko una sentimita 10 kwa 10: kwenye mita 10 unabeba kilo 100, kwenye mita 100 unabeba tani 1, na kule chini kabisa karibu tani 5. Ndiyo maana bidoni inajikunja kama karatasi.

Maji yanakandamiza mahali penye hewa. Basi njia ya kwanza ni bomba nene la mviringo, maana kuta za sanduku la pembe nne zinapinda haraka. Mfuniko unakaa juu ya pete ya mpira iliyopakwa grisi. Hapo usafi ni kila kitu: unywele mmoja, ao chembe ya ule mchanga mweusi wa volkano, inatosha kupitisha maji. Tena maji hutembea hata ndani ya ganda la waya, jambo ambalo wengi wanasahau.

Njia ya pili ni kuondoa hewa kwa kujaza mafuta yasiyopitisha umeme. Lakini kifaa chenye uwazi ndani kitapondwa tu, hata kikiwa ndani ya mafuta.

Kivu ina taabu yake ya ziada: chini kuna gesi yenye harufu ya mayai yaliyooza, inayokula shaba.

Kabla ya kutia batri, bomba lishushwe tupu kwa kamba na jiwe, ndani mkiwa na karatasi kavu. Ikirudi na unyevu, pete ifunguliwe upya. Batri ya gari isifungiwe humo kamwe, kwa kuwa inatoa gesi inayolipuka. Ya lityumu iliyoingia maji inaweza kuwaka: bomba lifunguliwe nje, uso ukiwa mbali na mfuniko. Na mtu asiingie ndani ya nyambizi ya namna hii, hata kwa mita mbili.