Undugu ni Kufaana

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu Waislamu, Nabii Musa (A.S.) alipotumwa kwa Firauni hakuomba jeshi wala hazina. Alimwomba Mola wake amfanye nduguye Harun kuwa msaidizi wake, na akakiri bila ya haya kwamba Harun ni mfasaha wa ulimi kuliko yeye. Mwenyezi Mungu akamkubalia. Leo twapenda kukumbushana habari za ndugu wengine wawili waliopita njia hiyo hiyo ya kusaidiana.

Katika mji wa Tus, nchi ya Khurasani, ambayo leo imo Iran, alikuwako maskini mmoja ambaye wanahistoria wanasimulia kwamba riziki yake ilikuwa kusokota sufu. Alikuwa na wana wawili: Muhammad, aliyezaliwa mwaka 450 Hijria (1058), na mdogo wake Ahmad. Mauti yalipomkaribia aliwausia kwa rafiki yake mcha Mungu, akamtaka awasomeshe hata kama urithi wote utakwisha. Urithi ulikuwa haba, ukaisha. Rafiki yule, naye fakiri, akawashauri waingie madrasa wapate elimu pamoja na chakula. Hivyo ndivyo mayatima wale wawili walivyoishika njia ya elimu.

Muhammad ndiye Imam Abu Hamid al-Ghazali. Mwaka 484 (1091) Waziri Nidham al-Mulk alimweka asomeshe katika Madrasa Nidhamiya ya Baghdad, cheo kilichotamaniwa na wanavyuoni wengi. Lakini baada ya miaka minne moyo wake ulitaabika. Alijiuliza: je, anasomesha kwa ajili ya Mungu, au kwa kutafuta jaha? Ulimi ukamzuilika asiweze kusomesha, na chakula kikawa hakimpiti. Mwaka 488 (1095) akaazimia kuyaacha yote na kwenda Sham.

Maulamaa wa Iraq walimlaumu, kwani hawakuona daraja katika dini iliyo juu ya ile. Na darsa zile angeziachia nani? Ahmad ndiye aliyekaa mahali pa nduguye akasomesha. Yeye alikuwa na njia yake mwenyewe, njia ya waadhi na tasaufi. Hata hivyo aliushika mzigo wa mwenziwe, ili mwenziwe aende alikoitwa na moyo wake.

Matunda yake tunayajua. Katika miaka ile ya kujitenga, Abu Hamid aliandika Ihyaa Ulumid-Din, kitabu kinachosomeshwa hadi leo katika darsa za pwani yetu. Ahmad naye akaja akakifupisha katika juzuu moja. Abu Hamid alipofariki huko Tus mwaka 505 (1111), habari za alfajiri yake ya mwisho, jinsi alivyotawadha, akasali, akaitaka sanda yake na kuibusu, zimepokewa kutoka kwa Ahmad.

Enyi wazazi, wahenga wetu walisema: undugu ni kufaana, si kufanana. Msiwapime watoto wenu kwa kipimo kimoja, mkapanda husuda mahali pa mapenzi. Nanyi wanafunzi, mmoja akipata nafasi ya kusoma na mwingine akabaki kuiangalia nyumba, aliyebaki asidhani kwamba hana fungu katika elimu ile. Na aliyekwenda asimsahau aliyemshikia nafasi. Juu ya kitabu huandikwa jina moja, lakini kwa Mola haipotei kazi ya yeyote.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu aziunganishe nyoyo za watoto wetu, na atujaalie kila mmoja wetu awe msaada kwa nduguye. Amin.