Mchungaji niliyemfuta kando ya Hell's Gate

Wasee, mwaka jana mteja mmoja alinipa klipu iliyopigwa kando ya Hell's Gate, huko Naivasha. Kazi yenyewe: toa mabomba ya mvuke, toa mchungaji na ng'ombe wake. Sekunde nne tu, lakini kila sekunde ina fremu 25, kwa hivyo hizo ni picha 100. Unachota nyasi za pembeni kwa brashi ya kompyuta, unapaka juu ya mtu, unaenda fremu inayofuata. Si mchezo.

Nikiwa hapo nikakumbuka The Lion King. Mwaka 1991 wachoraji wa Disney walikuja Kenya kusoma mandhari, na Hell's Gate ni moja ya sehemu walizotembelea. Filamu ikatoka 1994.

Kupaka rangi kwa kompyuta kulikuwa bado kugeni. Hapo awali kila mhusika wa katuni alipakwa rangi kwa mkono, juu ya karatasi ya plastiki. Disney na Pixar wakaunda mfumo wa CAPS: mchoro wa penseli unaingizwa kwenye kompyuta, rangi inajazwa humo. Mwaka 1990 Photoshop nayo ikaingia sokoni. Mmoja wa waliyoiunda, John Knoll, alikuwa akifanya kazi ILM, kampuni ya efekti za filamu.

Sasa cheki tarehe. Umeme wa mvuke Olkaria ulianza 1981, miaka kumi kabla ya wachoraji kufika. Wamaasai walichunga hapo tangu jadi. Mbuga yenyewe ilitangazwa 1984. Lakini kwenye filamu hakuna bomba, hakuna binadamu hata mmoja. Sawa, ni hadithi ya simba, siwalaumu. Wao hawakumfuta mtu. Hawakumchora tangu mwanzo. Ila watu wengi huijua Afrika kwa picha kama hizo, halafu sisi tunalipwa kuifanya Naivasha ya kweli ifanane nazo.

Kwangu, kufuta waya unaomning'iniza mwigizaji ni kazi safi, kwa sababu wenye filamu ndio waliouweka. Mchungaji hakuwekwa na yeyote. Hapo ni kwao.

Klipu niliituma na pesa nikala. Tangu hapo, mabomba natoa, watu sitoi.

Wewe ungemfuta?