Vyuma vya Moto Juu ya Barafu

Juma hili nawaletea kisa cha Anna-Maria Müller, binti wa iliyokuwa Ujerumani Mashariki. Mchezo wake ni luji, na sisi watu wa nchi za joto hatuujui sana. Mchezaji hulala chali juu ya sledi ndogo, miguu mbele, akateremka katika mfereji wa barafu kwa kasi inayoweza kupita kilomita 100 kwa saa. Breki hana, usukani hana. Huiongoza sledi kwa miguu na mabega. Chini ya sledi kuna vyuma viwili, na vyuma hivyo ndivyo vilivyozua balaa.

Luji iliingia katika Olimpiki mwaka 1964 huko Innsbruck, Austria. Dhahabu ya wanawake ilichukuliwa na Ortrun Enderlein, naye wa Ujerumani Mashariki. Mwaka 1968 Enderlein alikwenda Grenoble, Ufaransa, kuitetea. Müller, msichana wa miaka 18, alikuwa naye. Baada ya kuteremka mara tatu, Enderlein alikuwa wa kwanza, Müller wa pili, na mwenzao Angela Knösel wa nne.

Waamuzi wakakagua vyuma vyao, wakavikuta vimepashwa moto. Chuma chenye joto huyeyusha barafu kidogo, na yale maji huilainishia sledi njia. Kanuni zilikataza jambo hilo. Wasichana wote watatu wakaondolewa, na dhahabu ikaenda kwa Erica Lechner wa Italia. Fedha na shaba zikachukuliwa na Ujerumani Magharibi.

Viongozi wa Ujerumani Mashariki walikana, wakadai ni njama za ndugu zao wa Magharibi. Hizo zilikuwa siku za vita baridi. Mimi katika kazi hii ya utangazaji nimesoma taarifa nyingi za viongozi wa michezo wakijitetea. Taarifa husahaulika baada ya siku mbili. Jina linalobaki katika orodha ya walioondolewa ni la mchezaji.

Müller hakuiacha sledi. Mwaka 1972 alikwenda Sapporo, Japani, akateremka mara nne kwa jumla ya dakika 2 na sekunde 59.18. Mwenzake Ute Rührold alikuwa nyuma yake kwa sekunde 0.31 tu, na Margit Schumann, wa nchi hiyo hiyo, kwa sekunde 0.36. Safari hii dhahabu ilibaki shingoni mwake.

Nchi aliyoishindia ilitoweka mwaka 1990. Yeye alifariki mwaka 2009, akiwa na umri wa miaka 60.

Sisemi kwamba Sapporo iliifuta Grenoble. Kosa huandikwa, nao ushindi huandikwa. Lakini dhahabu ile yatuonyesha kwamba binti huyu alikuwa na uwezo wa kushinda. Basi anayemtafutia mchezaji hodari njia ya mkato humdhulumu mchezaji huyo kabla ya kuwadhulumu wapinzani wake.