Vyombo vya tanga katika Ziwa Viktoria (Kagera)

Vyombo vya tanga katika Ziwa Viktoria, upande wa mkoa wa Kagera, ni mitumbwi na mashua zinazosukumwa kwa nguvu ya upepo kati ya fukwe za Bukoba na Muleba na visiwa vilivyo karibu nazo. Hutumika kwa uvuvi na kwa kubeba abiria na mizigo midogo. Tangu injini za kupachika nyuma ya mtumbwi zilipoenea, matumizi ya tanga yamepungua. Hata hivyo tanga halihitaji mafuta, na nahodha ambaye injini yake imezimika katikati ya ziwa anaweza kurudi salama akiwa na mlingoti na kipande cha turubai.

(Neno tanga hapa lina maana ya kitambaa kinachonasa upepo, kwa jiji la pwani tazama Tanga.)

Mazingira

Ziwa Viktoria lina eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi na uso wake uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Ni ziwa kubwa kuliko yote ya Afrika, lakini kina chake si kirefu: penye kina kikubwa kabisa ni mita 80 hivi. Wahaya huliita Rweru.

Mji wa Bukoba uko ufukoni kabisa, ukitazamana na kisiwa cha Musira. Kusini mwake kuna bandari ya Kemondo, kisha wilaya ya Muleba yenye visiwa vingi, vikiwemo Bumbire, Ikuza, Goziba, Kerebe na Mazinga. Wakazi wa visiwa hivyo hutegemea vyombo vya majini kwenda sokoni, hospitalini na kwenye ofisi za wilaya.

Sehemu kubwa ya ufuko wa Kagera ina miinuko na miamba inayoshuka hadi majini. Fukwe za mchanga ambapo mtumbwi unaweza kutua bila kuvunjika ni chache, na kila mwalo umewekwa mahali ambapo ghuba, rasi au kisiwa huzuia mawimbi.

Upepo

Upepo wa ziwa hufuata mpangilio wa siku. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji. Hewa ya nchi kavu hupanda juu, na hewa baridi kidogo kutoka ziwani huja kuchukua nafasi yake. Huu ndio upepo wa ziwa, unaovuma kuelekea ufukoni. Usiku mambo hugeuka: nchi kavu hupoa haraka, maji hubaki na joto, na upepo wa nchi kavu huvuma kuelekea ziwani. Mvuvi wa tanga hutumia mpangilio huo kwa kuondoka na upepo wa usiku au wa alfajiri na kurudi na upepo wa mchana.

Juu ya mpangilio huo wa kila siku kuna pepo za msimu. Kati ya Juni na Agosti upepo wa kusini-mashariki, ambao watu wa pwani huuita kusi, huwa na nguvu zaidi. Ukubwa wa mawimbi hutegemea mambo matatu: kasi ya upepo, muda ambao umevuma, na umbali ambao umepita juu ya maji yaliyo wazi. Ufuko wa Kagera uko magharibi ya ziwa, kwa hiyo upepo unaotoka mashariki na kusini-mashariki huufikia baada ya kuvuka sehemu kubwa ya ziwa. Ndiyo sababu mawimbi ya Bukoba yanaweza kuwa makubwa hata siku ambayo upepo wa mjini si mkali sana.

Usiku pepo za nchi kavu kutoka pande zote hukutana juu ya ziwa. Hewa yenye joto na unyevu hupanda na kufanya mawingu ya radi. Kwa kuwa mkondo wa jumla wa hewa hutoka mashariki, mawingu hayo husukumwa kuelekea magharibi. Hivyo Bukoba hupata mvua nyingi, milimita 2,000 hivi kwa mwaka, na dhoruba nyingi hutokea usiku wa manane na alfajiri. Uvuvi wa dagaa hufanywa kwa taa katika usiku usio na mwezi. Maana yake wavuvi wako majini saa zilezile ambazo dhoruba huzaliwa.

Historia

Katika imani ya jadi ya Wahaya, Mugasha ndiye bwana wa ziwa, mvua na dhoruba. Waganda humfahamu kwa jina la Mukasa.

Mitumbwi ya zamani ya upande huu wa ziwa iliendeshwa kwa makafi. Iliyo maarufu zaidi ni ile iliyoitwa kwa jina la visiwa vya Ssese vya Uganda. Mbao zake zilishonwa kwa nyuzi za mimea badala ya kupigiliwa misumari, na mbele ulikuwa na ncha ndefu iliyochomoza. Tanga lililetwa na wageni. Katika miaka ya 1870 Songoro, mfanyabiashara wa asili ya pwani aliyeishi Ukerewe, alikuwa akijenga jahazi huko.

Mwaka 1875 Henry Morton Stanley alizunguka ziwa kwa mashua yenye tanga iliyoitwa Lady Alice, iliyobebwa vipande vipande kutoka pwani. Mwezi Aprili alitua Bumbire kutafuta chakula. Wenyeji waliwazunguka wageni hao na kuchukua makasia yao. Stanley na watu wake walikimbia huku wakipiga risasi, kisha wakang'oa mbao za mashua yao na kuzitumia kama makafi. Mwezi Agosti mwaka huohuo alirudi akiwa na kundi kubwa la mitumbwi na kuwapiga risasi watu wa Bumbire kutoka majini, ambako mishale na mikuki yao haikuweza kumfikia. Watu wengi waliuawa. Habari hizo, ambazo Stanley mwenyewe aliziandika, zilimletea lawama kali Uingereza.

Sehemu za chombo

Chombo cha kawaida kina sehemu zifuatazo:
- Omo: sehemu ya mbele.
- Tezi: sehemu ya nyuma, anapokaa mshika usukani.
- Mkuku: ubao mrefu wa chini unaoshikilia chombo kizima na kukizuia kisiende upande.
- Mataruma: mbavu za ndani zinazopigiliwa mbao.
- Mlingoti: nguzo inayobeba tanga.
- Foromali: mti mrefu unaofungwa ukingo wa juu wa tanga la pembetatu.
- Demani: kamba ya kukazia au kulegeza tanga, pia upande ambao upepo unaelekea.
- Joshi: upande ambao upepo unatoka.
- Usukani au kasia la kuongozea.

Tanga lenyewe hushonwa kwa kitambaa cha pamba, turubai au mifuko ya plastiki iliyounganishwa.

Jinsi tanga linavyofanya kazi

Upepo ukitoka nyuma, tanga husukumwa tu. Upepo ukitoka ubavuni, tanga hufanya kazi kama bawa la ndege: hewa hupinda kulifuata, na nguvu hutokea inayovuta chombo mbele na pia kukisukuma upande. Mkuku huzuia sehemu kubwa ya msukumo wa upande, kwa hiyo chombo huenda mbele.

Hakuna chombo cha tanga kinachoweza kwenda moja kwa moja kule upepo unakotoka. Nahodha anayetaka kufika huko hupiga bisho, yaani huenda mshazari upande mmoja, kisha hugeuza na kwenda mshazari upande mwingine.

Nguvu ya upepo huongezeka kwa mraba wa kasi yake. Upepo wa kilomita 40 kwa saa hausukumi tanga mara mbili ya ule wa kilomita 20, bali mara nne. Hivyo mtumbwi uliokuwa ukienda vizuri unaweza kupinduka dakika chache baada ya wingu kufika, na tanga hupaswa kupunguzwa kabla upepo haujafika.

Kuondoka na kutua ufukoni

Safari nyingi huharibika karibu na nchi kavu. Katika kuondoka, omo huelekezwa moja kwa moja kwenye mawimbi na chombo hutolewa kwa makasia mpaka kipite mahali yanapovunjika. Ndipo tanga hupandishwa. Chombo kinachopata wimbi ubavuni hujaa maji au kupinduka.

Kutua ni kugumu zaidi, hasa upepo unapovuma kuelekea ufukoni. Tanga hushushwa nje ya mahali pa mawimbi. Nahodha husubiri kundi la mawimbi makubwa lipite, kisha huingia huku tezi ikiwa imeelekea mawimbi sawasawa na usukani ukishikwa imara. Kasi ikizidi, omo huchimba maji na chombo hugeuka ubavu. Kwa sababu ya miamba, nahodha aliyechelewa kushusha tanga karibu na ufuko wa Kagera hana nafasi kubwa ya kusahihisha. Mara nyingine ni salama zaidi kubaki nyuma ya kisiwa mpaka upepo utulie kuliko kulazimisha kutua.

Hatari na usalama

Ajali iliyo kubwa kuliko zote katika kumbukumbu za watu wa Kagera haikuwa ya tanga. Tarehe 21 Mei 1996 meli MV Bukoba, iliyotoka Bukoba kupitia Kemondo, ilizama karibu na Mwanza ikiwa imejaza watu kupita kiasi. Mamia ya abiria walifariki. Kanuni iliyovunjwa ni ileile inayohusu mtumbwi mdogo: mzigo ukizidi, chombo hukosa uwezo wa kujiinua kinapolala upande.

Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilianguka ziwani karibu na uwanja wa ndege wa Bukoba wakati wa hali mbaya ya hewa. Kati ya watu 43 waliokuwemo, 19 walifariki na 24 waliokolewa. Wavuvi wenye mitumbwi walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kufika.

Mambo yanayopunguza hatari ni haya:
- kusikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), ambayo hutoa utabiri wa Ziwa Viktoria;
- kila mtu kuvaa jaketi la kuokoa maisha tangu mwanzo wa safari, kwa sababu ni vigumu kulivaa majini;
- kuwa na chombo cha kufulia maji, makasia ya akiba na nanga;
- kumwambia mtu aliye ufukoni saa ya kurudi;
- chombo kikipinduka, kukishikilia badala ya kuogelea kuelekea ufuko ulio mbali.

Hatari nyingine ni viboko, mamba na kichocho, ugonjwa unaopatikana katika maji ya kandokando ya ziwa.

Tanga katika michezo

Kanuni hizohizo hutumika katika mchezo wa ubao wa tanga, ambapo mtu mmoja husimama juu ya ubao na kushika tanga kwa mikono. Mchezo huo uliingia katika Olimpiki mwaka 1984. Mwaka 2024 mashindano yake, yaliyofanyika Marseille, Ufaransa, yalitumia ubao wenye foili, yaani bawa lililo chini ya maji kwenye mguu mrefu. Kasi ikitosha, foili huinua ubao wote juu ya maji. Katika Afrika Mashariki michezo ya ubao na upepo hujulikana zaidi pwani, kwa mfano Paje, Zanzibar, ambako ubao huvutwa kwa tiara kubwa.

Anayejifunza kuruka kwa ubao wa foili huanza kwa kuweza kuelea juu ya foili muda mrefu bila kuyumba. Kisha huongeza kasi, hukunja magoti, huhamishia uzito mguu wa nyuma ili foili ipande, na kujinyoosha mara tu inapokaribia uso wa maji. Hewani huvuta miguu juu na kubaki ameshikilia tanga, kwani tanga humpunguzia kasi ya kuanguka. Katika kutua huelekeza ubao upande wa demani kidogo, magoti yakiwa yamelegea na uzito ukirudi mbele. Uzito ukibaki nyuma, foili hupanda tena ghafla na kumtupa. Kwa kuwa foili ina kingo kali, mwanafunzi huvaa kofia ngumu na jaketi la kuelea, na hufanya mazoezi penye maji ya kina cha kutosha, mbali na waogaji, nyavu na miamba.

Tazama pia

- Ziwa Viktoria
- Bumbire
- MV Bukoba
- Jahazi
- Ngalawa